Mganga Akikaa Kitako

Mama yangu alikuwa na miguu mikubwa kuliko ya baba, na hakuona haya kwa hilo. Visigino vyake vilikuwa na nyufa ambazo mafuta ya nazi hayakuweza kuzifuta, na vidole vilitawanyika kila kimoja na njia yake, maana havikuwahi kubanwa na kiatu. "Waganga wenzangu wana vibuyu," alikuwa akisema, "mimi Mungu kanipa nyayo." Kisha hucheka peke yake, kwani alikuwa mtu wa kuyapenda maneno yake mwenyewe.

Tulikaa Mtawanya, upande wa Kibiti, miaka ile ya baada ya vita vya Hitla, Mwingereza akiwa bado anatukusanyia kodi kwa mkono wa jumbe. Mama alikuwa mganga, lakini hakupunga pepo wala hakupiga ramli. Alitibu watu wa aina moja tu, wale waliozidiwa na simanzi. Mwanamke aliyezika mtoto akaacha kula. Mwanamume aliyerudi vitani mzima wa viungo, akawa anashinda ameegemea ukuta bila kusema na mtu. Hatukuwa na jina kubwa la maradhi hayo. Tulisema moyo wa fulani umelala, na watu walijua wampeleke nyumba gani.

Dawa yake ilikuwa mzizi wa mti mmoja mdogo. Jina silitaji, kwa kuwa alinikataza, na kwa kuwa nikilitaja mtakwenda kuutafuta mti mkaacha kunisikiliza. Sharti lilikuwa kwamba mgonjwa auchimbe mzizi huo mwenyewe, tena auchimbe mbali, kule bondeni ardhi inakoteremka kuelekea mto Rufiji. Mama alikwenda naye. Waliondoka baada ya sala ya alfajiri, kijembe begani, panga mkononi kwa ajili ya simba, wakarudi jua limeshapanda. Kesho yake walikwenda tena, maana mama alishikilia kwamba mzizi uliolala ndani hauna nguvu. Wakifika nyumbani, mgonjwa aliuponda, akauchemsha, akanywa. Kwa njaa aliyorudi nayo, alikula na wali.

Sasa nitawaambia jambo. Mti uleule uliota nyuma ya nyumba yetu, karibu na banda la kuku, na ulikuwa mnene kuliko wa bondeni. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza mama kwa nini anawasumbua watu hivyo na dawa ipo hatua chache tu kutoka jikoni. Alinitazama kama ninayeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Ule ni wa kuku," akasema, na akaendelea kupepeta mchele wake.

Hiyo ndiyo elimu yote aliyonipa kwa mdomo. Nyingine niliipata kwa kumtazama. Niliona kwamba hakumwambia mgonjwa aende. Alimwambia twende. Mgonjwa akichoka, mama naye huketi na kulalamikia kiuno chake, na mara nyingi alilalamika zaidi ya mgonjwa, mpaka mgonjwa akaanza kumhurumia. Wakifika penye tope, alitangulia yeye kuzama. Njiani hakuuliza habari za msiba wala za ndoa. Alizungumzia nguruwe walioingia katika mpunga, na bei ya pamba, na jirani fulani mwenye wivu. Maneno ya mgonjwa yalitoka yenyewe, kwa wakati wake, mara nyingi wakiwa wanapanda kilima na pumzi ni chache, pale ambapo mtu hana nguvu za kusema uongo.

Siku hizi nimeona vijana wanaoifanya kazi hii na vyeti vyao. Ni vijana wema, sina ugomvi nao. Lakini wengine hukaa kwenye kiti chenye mto, tumbo limepumzika juu ya mapaja, wakamwambia mtu asiyeweza hata kunawa uso kwamba atembee, afanye mazoezi, yatamsaidia. Ni kweli yatamsaidia. Ila anayeambiwa anakitazama kile kiti. Nami nina haki ya kulisema hili, kwa sababu kiti cha namna hiyo nimekikalia, ingawa changu kilikuwa kigoda.

Katika wagonjwa wa mama, ninayemkumbuka kuliko wote ni bi arusi wa dukani. Pale Kibiti, kando ya barabara ya Kilwa, palikuwa na duka la Banyani mmoja aliyeuza vitambaa, sukari, mafuta ya taa na kila kitu. Mtoto wake wa kiume aliletewa mke kutoka kwao Bara Hindi. Msichana alishuka melini Dar es Salaam, akapakiwa lori, akaingizwa chumba cha nyuma ya duka, na tangu hapo sisi tulioingia kununua chumvi tulimwona kwa ncha ya vazi lake tu, ikipita mlangoni. Mimba yake ya kwanza ikaharibika. Akaacha kusema. Baadaye akaacha na kuchana nywele, na watu wa kwao huhesabu hilo kuwa jambo zito.

Mama mkwe wake alikuja kwetu kwa miguu, na mwavuli mweusi, akihema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuzoea kuamrisha dukani, lakini siku hiyo sauti ilikuwa ndogo.

"Mama, nipe dawa. Mtoto wangu anakwisha."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani. Hatoki. Kwetu si desturi."

"Basi hata dawa yangu haitoki," mama akasema. "Nayo ina desturi zake."

Wakabishana pale barazani mpaka nikawaletea maji. Yule mama alisema kwamba mkwe wake ni mgonjwa, na mgonjwa hulazwa. Mama akasema amelala tangu mfungo uliopita, na kama kulala ni dawa angekuwa keshapona. Mwishowe wakapatana kwamba mama ndiye atakayemfuata kila alfajiri, kupitia mlango wa uani ambako wanaume wa sokoni hawamwoni, na mama mkwe atakuja nyuma yao na mwavuli wake ili kulinda heshima ya nyumba.

Ikawa hivyo. Siku ya kwanza walifika uani tu. Siku ya pili wakafika kisimani. Nilikwenda nao siku moja baadaye na sitasahau msafara ule. Mama mbele na miguu yake, bi arusi katikati amejifunika mpaka puani, na nyuma mama mkwe akitukana mawe kwa Kihindi. Walipofika bondeni, bi arusi alivua ndala zake, akasimama juu ya udongo mbichi, akaitazama miguu yake mwenyewe kama vitu vya mtu alivyoazimwa. Mama akampa kijembe. Hakujua kukishika. Mama akamshika mikono kwa nyuma, wakachimba pamoja, na mzizi ulipong'oka ghafla wote wawili wakaanguka chali. Bi arusi akacheka. Mama mkwe wake, aliyekuwa hajaisikia sauti ile kwa muda mrefu, aliketi juu ya kichuguu na kulia chini ya mwavuli.

Msichana alikuwa anaendelea vizuri. Alikuwa ameanza kutuuliza majina ya vitu, huyu ndege nani, huu mti nini, na kuyarudia kwa ulimi wake mwembamba. Kisha zikaja habari za baba.

Baba alikuwa mkata mikoko. Msimu ukifika huenda Maparoni, kule mto unapogawanyika na kuingia baharini, akakaa na wenzake wakikata boriti za kuuzwa nje. Hurudi amekonda, ananuka tope la chumvi, ana zawadi ya kamba waliokaushwa. Safari ile walirudi wenzake wawili, wamebeba shoka lake na mkeka wake. Homa ilimshika, hawakuwahi hata kumpakia mtumbwini. Walimzika kulekule.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchicha. Aliuweka chini, akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani, akaketi juu ya kitanda cha kamba. Nikadhani atanyanyuka.

Akaingia eda, kama sheria inavyotaka, miezi minne na siku kumi. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika, sina mtoto, kwa hiyo kila kitu kikaniangukia, nyumba na kuku na wagonjwa. Lakini sikuwa peke yangu. Nani katika kijiji kile hakuwa na mtu aliyetembezwa na mama akapona? Wanawake walikuja kama siafu. Wakatuchotea maji, wakatupikia, wakatutwangia mpunga makwao ili mchi usimsumbue mfiwa, wakalipalilia shamba letu. Kinu chetu wakakiinamisha kando ya ukuta. Aliyewaongoza ni shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke mwenye moyo mkubwa na asiyeambilika.

"Wifi yangu hatashika hata kijiko," alitangaza. "Kawatumikia watu vya kutosha."

Eda haikumkataza mama kutwanga wala kufagia uwanja wake. Sisi ndio tuliomkataza, kwa mapenzi. Kila alipotaka kunyanyuka mtu alimwahi, kaa mama, pumzika mama, unataka nini nikuletee. Wiki za mwanzo alikuwa bado anataka kunyanyuka. Baadaye hakutaka tena.

Nami nilikaa naye. Sikuweza kumwacha alfajiri nikateremke bondeni na wagonjwa, niliogopa nitarudi nimkute ameshamfuata baba. Lakini wagonjwa walikuwa wanakuja. Basi nikafanya lililokuwa karibu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikawafukuza kuku, nikachimba mzizi, nikauponda, nikampa mgonjwa kikombe. Mti ni uleule. Nilimwambia anywe, na kwa kuwa niliyajua mafunzo ya mama, nikamwambia akifika kwake atembeetembee. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kigoda mlangoni pa mama, miguu nimeikunja.

Hawakupona. Wengine walikuja mara mbili, wengine hata hiyo ya pili hawakuja. Ikaanza kusemwa kwamba mkono wa uganga wa mama haukurithiwa, kwamba binti ana mkono mzito. Niliyasikia kisimani, kwa kuwa kisimani hakuna siri, na yaliniuma kwa sababu niliyaamini.

Eda ikaisha. Wanawake walimwogesha mama, wakamvika kanga mpya, wakamtia manukato, wakamtoa nje na vigelegele vya upole. Alizunguka nyumba mara moja ameshikwa mikono. Kisha akarudi ndani, akaketi palepale kitandani, penye shimo alilolichimba kwa kukaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa hasa. Wakati wa eda nilijidanganya kwamba ni sheria inayomkalisha. Sasa sheria ilikuwa imemwachia na yeye hakuwa na habari. Ile miguu yake ikawa imekonda. Mashavu ya miguu yalining'inia kama matiti ya bibi kizee, na visigino, Mungu wangu, nyufa zilikuwa zimeziba, visigino vilikuwa laini kama vya mtoto. Nilikuwa namsugua mafuta jioni, nikavigusa, nikatoka nje nikasimama uani muda mrefu. Kwenda chooni alihitaji kushikwa na watu wawili. Alikula akilishwa. Aliitika akiitwa, kwa adabu, kama mgeni. Niliona wazi kwamba mama yangu anakufa, na hana ugonjwa.

Waganga wenzake walikuja, nawashukuru. Mmoja alimfukizia ubani, mwingine alimwandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, akamnywesha. Wote waliketi juu ya mkeka mbele yake kutwa, wakala, wakaondoka. "Mganga hajigangi," walisema wakiwa wanavaa makubadhi yao. Ni kweli hajigangi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyemwambia twende.

Siku moja mama wa dukani akaja, na bi arusi wake ameongozana naye. Nilishtuka. Msichana alikuwa amerudi nyuma kabisa. Nywele timutimu, macho hayatui popote. Tangu mama aketi hakuna aliyemfuata tena alfajiri kule Kibiti. Mimi nilikuwa namtumia mizizi kwa mkono wa watu, ikiwa imefungwa katika majani.

"Dawa yako maji matupu," mama mkwe akaniambia, na safari hii sauti ilikuwa ile ya dukani. "Nimechoka. Kaeni naye nyinyi. Mkimponya mtanirudishia, mkishindwa pia mtanirudishia, lakini mimi simwezi."

Akaondoka na mwavuli wake. Bi arusi akabaki amesimama uani.

Nikamwambia, kwa upole niliodhani ni uganga, "Mwanangu, usikae kitako. Zunguka nyumba. Tembea kidogo, moyo utafunguka." Niliyasema hayo nimekaa juu ya kigoda changu, mgongo umeegemea nguzo.

Akanitazama. Aliyageuza macho yake yale yasiyotua, yakatua kwangu. Akanyoosha kidole.

"Na wewe?" akasema.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilimtosha. Nilitaka kunyanyuka, angalau kwa kuona haya, na nikagundua kwamba sitaki. Miguu ipo, sina maumivu, lakini lile la kusema sasa nanyanyuka halikuja. Nilikuwa nimekaa pale nikimchunga mama mpaka nikaugua alichougua yeye.

Usingizi uliniondokea kwa siku kadhaa. Mwishowe nikafanya uamuzi nilioujua kuwa utanikosesha watu. Nilikwenda kwa shangazi, nikamwamkia, nikamwambia kuanzia kesho wanawake wasituletee chakula. Wala maji. Wala mchele uliotwangwa. Watuletee mpunga na maganda yake, kama wanataka kutuletea kitu.

Shangazi akasema, "Mamako hawezi kujinyanyua, nawe unataka atwange?"

"Nataka aone kwamba kuna kazi, shangazi."

"Mgonjwa haulizwi uji, mwanangu. Wewe unataka hata huo uji tumwondolee?"

"Tumempa uji miezi yote hii. Mtazame alivyo."

Akasimama, machozi yanamlengalenga. "Kaka yangu yuko udongoni Maparoni, na mwanawe anamnyima mjane wake chakula. Haya. Sitaleta. Lakini dhambi hiyo si yangu." Nilimjua shangazi, nilijua ananipenda, na ndiyo maana lile neno dhambi lilinipata kisawasawa.

Habari zikaenea kabla sijafika nyumbani. Kesho yake hakuja mtu. Uwanja wetu, uliozoea kujaa kanga na maneno tangu asubuhi, ukawa kimya. Nilikiinua kinu kutoka ukutani, nikakiweka katikati ya uwanja, mkabala na mlango wa mama ili anione kutoka kitandani. Nikamimina mpunga. Bi arusi alikuwa amejikunja kwenye kona ya baraza.

"Mama," nikaita, "hatuna mchele. Njoo tutwange."

Nikaanza peke yangu. Mtu aliyezoea kutwanga kwa kupokezana na mwenzake anajua uzito wa mchi ulio peke yake. Ukiwa na mwenzio, yeye akiinua wewe unashusha, na mapigo yake yanakuvuta hata ukiwa umechoka. Peke yako kila pigo unalianza upya. Nilitwanga kidogo tu. Nilisikia kichwa kinakuwa chepesi, mikono ikawa si yangu, mchi ukaniponyoka ukaangukia mchangani. Nikainama kuuokota nikajikuta nimeketi chini. Nikaegemeza paji la uso kwenye mdomo wa kinu, katika harufu ile ya mpunga, nikakaa hivyo. Sikulia. Sikuwa na chochote. Nakumbuka niliwaza tu kwamba hapa pia pazuri, naweza kukaa hapa.

Sijui muda gani ulipita. Nilimsikia mama akisema ndani, kwa sauti yake yenyewe, ile ya zamani yenye ukali kidogo:

"Huyo mtoto ana nini?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumjibu. Shangazi hakuwepo, majirani hawakuwepo. Kama wangekuwepo, wangekimbia kuniinua, na mama angebaki palepale alipo. Bi arusi peke yake alikuwapo, naye aliinua kichwa akamtazama mama.

Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia kitu kinaburuzwa, na mkono unapapasa ukuta. Nilipoinua uso mama alikuwa mlangoni, ameshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, miguu yake ile ya nyuzi inacheza chini ya kanga. Alinitazama mimi, akamtazama bi arusi, kisha akayarudisha macho kwangu, akayatuliza kama alivyokuwa akiwatazama wageni waliofika barazani kwetu kuomba msaada. Nayajua macho hayo. Nilikuwa sijawahi kutazamwa nayo.

"Kafa mmoja tu humu ndani," akasema. "Mbona tumelala watatu?"

Akaachia mwimo mmoja. Akaniambia, "Inuka. Twende."

"Mama, utaanguka."

"Nitaanguka. Kwani nani haanguki? Inuka."

Niliinuka. Siwezi kueleza lile ambalo nafsi yangu ilikataa kwa siku zote zile lilitoka wapi sasa. Nadhani ni kwa sababu alikuwa amesimama. Bi arusi akawa ameshafika upande wake wa pili, hakuitwa, akamshika kiwiko. Tukatoka hivyo, wanawake watatu na mwendo wa kobe, tukaacha kinu na mpunga ndani yake kwa ajili ya kuku.

Bondeni hatukufika. Tusidanganyane. Tulifika mwisho wa uwanja, tukapumzika. Tukafika mkorosho wa jirani, tukapumzika tena, mama akihema kama mhunzi na kulalamikia kiuno chake. Wanawake walitoka milangoni kututazama. Shangazi alikuja mbio, kanga inamvuka, mikono ameinyoosha tayari kumbeba, na mama akamwambia, "Wifi, ukinigusa nitakuuma." Shangazi akasimama. Akaifunga kanga yake upya, akajipanga nyuma yetu, akatufuata polepole huku akilia kwa sauti na kutangaza kwa kila nyumba tuliyoipita kwamba wifi yake anatembea.

Tulipofika njia panda, pale njia moja inakwenda Kibiti na nyingine inateremka bondeni, mama alisimama. Kutoka pale bonde linaonekana lote, kijani kwa mpunga, na mbali kabisa kuna ukungu ambako mto unaelekea Maparoni. Alilitazama muda mrefu. Nilidhani atarudi kuwa yule wa kitandani. Nikamshika vizuri.

"Wewe," akaniuliza bila kugeuka, "babako ulimlilia lini?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa kweli, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu. Siku ya habari nilikuwa nashughulikia wageni. Matangani nilikuwa napakua chakula. Baada ya hapo nilikuwa mlangoni.

"Sijamlilia, mama," nikasema. "Nilikuwa nakutazama wewe."

Aligeuka. Aliondoa mkono wake begani kwangu, akauondoa na ule ulioshikwa na bi arusi, akaachana na sisi wote wawili, akapanua miguu kidogo ili isimwangushe. Akanivuta kichwa kwenye bega lake. Alikuwa ananuka mafuta ya nazi na kukaa ndani.

"Basi mlilie sasa," akasema. "Mimi nimesimama."

Nikamlilia baba. Nilimlilia pale njiani, mbele za watu, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Miguu ya mama ilikuwa ikimtetemeka, niliisikia ikitetemeka mpaka mwilini mwangu, lakini hakukaa mpaka nilipomaliza.